Mfuko wa Eufrazia

Jumatatu moja ya mwaka 1983, Eufrazia alikuwa kibarazani kwake Buguruni akibandika mfuko wa nne kwenye kaunda suti ya katibu wa tawi. Mifuko aliijua. Babu yake, alipokuwa manamba kwenye mkonge, alikuwa na mmoja tu kwenye kaptura. Baba yake alivaa suruali yenye mitatu. Uhuru ulipokuja wanaume wakaongezewa ya kifuani, na kijimfuko cha kalamu juu yake. Gauni la Eufrazia halikuwa na hata mmoja. Vitu vyake alivifunga kwenye pindo la khanga, kama mama yake.

Cherehani alikanyaga yeye, ila leseni ilikuwa na jina la mumewe, Kornelio, ambaye kazi yake ilikuwa kupima wateja na kupiga soga. Leseni ilikaa mfuko wake wa kifuani. Na mwaka ule mgambo walikuwa wakikamata wasio na uthibitisho wa kazi na kuwapeleka kulima. Eufrazia akamwomba aiache nyumbani.

"Anayetembea ni mie," Kornelio alisema. "We uko kibarazani, nani atakuuliza?"

Basi Eufrazia akachukua kipande kilichobaki cha suti ya Kornelio, akajishonea mfuko kwenye gauni. Siku ya kwanza alitia mkono kutafuta kifungo, akatoa leso ya mumewe, ambaye saa hiyo alikuwa Kibamba kwa wateja. Siku ya pili akatoa kipisi cha sigara. Jioni alimweleza. Kornelio akaukagua mshono, akasema umekaa sawa, ila asimchukulie kalamu.

Ijumaa mchana alikwenda sokoni kununua uzi. Mgambo walikuwa wameziba njia, lori linanguruma. Aliyemsimamisha aliitwa Salumu, kijana mpole, na mifuko ya suruali aliyovaa aliishona Eufrazia mwenyewe.

"Uthibitisho wa kazi, dada."

Akatia mkono mfukoni. Leseni ilikuwepo. Mkono mwingine pia ulikuwepo, umeishika. Aliujua kwa kovu la pasi kwenye kidole gumba. Kibamba, alikokwenda tena Kornelio siku hiyo, nako mgambo walikuwa wameziba njia. Eufrazia akavuta, mkono nao ukavuta. Akauinamia mfuko.

"Kornelio, mie napandishwa lori."

Mkono ukatulia. Akadhani ameachiwa. Kisha ukavuta kwa nguvu, karatasi ikamchana kidole, ikaenda.

"Mwenyewe ameichukua," alimwambia Salumu.

Salumu alielewa. Alisema hata ingetoka isingemsaidia, jina ni la mwanamume. Akaandika jina la Eufrazia kwenye orodha, akamshika mkono kumsaidia kupanda.

Walipelekwa Kimbiji kulima mihogo. Siku mbili mfuko ulikuwa mtupu. Siku ya tatu, wakati wa mapumziko, alikuta humo sindano, uzi, vipande vinne vya kitambaa cha kijivu, na karatasi yenye mwandiko wa Kornelio: mteja wa Kibamba anataka suti yake Jumamosi, na yeye kushona mifuko kumemshinda. Hakuandika pole.

Hasira zilimpanda mpaka machozi yakamlengalenga. Kisha akatunga uzi.

Alikuwa anapiga pindo mfuko wa tatu msimamizi wa shamba alipopita na daftari lake. Akasimama kuutazama ule mshono, akausifu, akauliza kama angeweza kumtengenezea kaptura. Eufrazia akasema ataangalia. Msimamizi akashukuru, akatafuta jina lake, akasoma kwa sauti huku akitia tiki.

"Eufrazia. Hana kazi."