Steringi Hapigi Mgongoni

Usimwite Innocent mwoga mbele ya watu wa Kigombe. Utachapwa makofi, na utakuwa umeyataka mwenyewe. Miaka kumi na miwili alishika maikrofoni kwenye kibanda chake cha video, akizitafsiri filamu za wasaka hazina. Kanuni zake watoto walizijua kwa moyo: steringi, shujaa wa filamu, haibi, haongopi, hafi, wala hampigi adui mgongoni. "Humwita kwanza!" Innocent alinguruma. "Geuka, tupambane kiume!" Na jambazi hugeuka. Siku zote hugeuka, pumbavu lile.

Shemeji yake Hosea, mkata mkonge, alikuwa akimcheka. "Steringi wako hata jasho halimtoki, shemeji. Huyo mtu au sanamu?"

Lakini tamaa, jamani! Akaja Mudathir na mashine yake ya kunusa chuma, akasema mali ya Mjerumani imefukiwa nyuma ya magofu ya nyumba ya meneja, huko ndani ya mkonge. Wakachimba watatu. Siku ya nne asubuhi Anastazia, mke wa Innocent, alimshika mumewe mkono. "Dhahabu sitaki. Mdogo wangu umrudishe mzima."

Saa sita mchana sururu ikagonga sanduku la chuma. Innocent alikuwa ameingia kwenye mkonge kukojoa aliposikia Hosea anapiga ukelele. Akarudi mbio. Sanduku lilikuwa juu tayari, na Mudathir amesimama ukingoni mwa shimo, panga linachuruzika damu. Hosea alikuwa ndani, shimo limemfika kifuani, mkono mmoja unaning'inia kwa ngozi.

Innocent akaokota sururu. Hatua nne tu, na Mudathir alikuwa amempa mgongo, hajamsikia. Angempiga! Mtu yeyote mwenye akili angempiga. Badala yake kinywa kikafunguka chenyewe, kwa sauti ileile ya kibandani: "Mudathir! Geuka, tupambane kiume!"

Mudathir hakugeuka. Alimaliza kwanza kazi yake. Panga likashuka shingoni mwa Hosea.

Hapo ndipo Innocent alipompiga, na mgongoni alimpiga, tena na tena. Bega likavunjika. Mudathir akageuka sasa, akamkata vidole viwili, na Innocent hata hakuhisi. Alimponda goti, akaponda mguu mpaka mfupa ukatokeza, huku mwenyewe analia kama mtoto. Wakata mkonge wanne waliosikia kelele ndio waliomng'oa pale.

Akashuka shimoni, akampakata Hosea. Damu ilikuwa inatoka kwa mapigo.

"Shemeji," Hosea alisema, "ungempiga tu."

Hakusema tena. Sanduku lilipovunjwa lilikuwa na nati na boliti za mashine ya mkonge, zimeoza kwa kutu.

Baada ya arobaini Innocent alifungua kibanda, maana nyumba lazima ile. Filamu ikafika pale pale: steringi, shati jeupe pe, amesimama nyuma ya jambazi. Watoto wakavuta pumzi, wakingoja.

"Mpige!" Innocent akapayuka kwenye maikrofoni. "Usimwite! Mpige mgongoni, mpige sasa hivi, atamuua!"

Watoto wakaangua kicheko, wakidhani anawatania. Kwenye kioo steringi akaita, na jambazi akageuka kama kawaida yake.

Anastazia, aliyekuwa mlangoni, akapita katikati ya mabenchi akachomoa waya.