Ukaguzi wa Matroni Petronila

Matroni Petronila Ayala alikagua kila kitu. Alikagua vitanda, kucha, masikio, na chini ya magodoro, ambako wasichana wa bweni la masista walificha vitu ambavyo heshima hairuhusu kuvitaja. Na tangu Agosti, kila alfajiri kabla ya kengele, alijifungia bafuni akajikagua mwenyewe. Alishika titi la kushoto, akakamua chuchu, akangoja. Tone likatoka, zito, la kijani, kama maji ya majani yaliyochacha.

"Bado," alisema, kwa sauti ileile ya kumkemea aliyetandika kitanda ovyo.

Mama yake alikufa kwa saratani ya titi. Kwa hiyo Petronila alimwekea nadhiri Bikira Maria wa Kaakupé: tone likikauka, tarehe nane Desemba, siku ya sikukuu yake, atapanda kwa miguu kutoka Ypacaraí mpaka kanisani kwake juu ya kilima. Baada ya nadhiri hiyo hakuhisi kitu tena. Hofu haikuwepo, wala matumaini. Alikuwa amekufa ganzi yeye mzima, kama mguu uliokaliwa.

Mwanzoni mwa Novemba dada yake mkubwa, Ramona, alimburuta hospitali. Huko walimpiga picha za titi, wakampima. Daktari Insfrán, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alisema si saratani.

"Mirija ya nyuma ya chuchu imetanuka, mama. Umri huu hutokea sana. Maji yanatuama humo, yanakuwa mazito."

"Sawa," alisema Petronila, kama aliyeambiwa basi limechelewa.

"Sawa?" Ramona aliruka kitini. "Mimi nimelia miezi mitatu, wewe unasema sawa?"

"Yanatoka yenyewe, au mtu anakamua?" aliuliza daktari.

"Nakamua. Kila alfajiri."

"Kwa nini?"

"Nione kama Bikira amejibu."

Daktari alivua miwani. "Mama, ukikamua unayaita. Yataendelea kuja kwa sababu unayaita. Acha kabisa, usiguse. Weka kitambaa cheupe ndani ya sidiria. Kikilowa chenyewe, au ukiona damu, au uvimbe, au titi likiwa jekundu na la moto, njoo siku hiyohiyo. Yakizidi kutoka yenyewe, tutaitoa hiyo mirija kwa upasuaji. Kama hakuna kitu, tuonane Desemba kumi na tano. Na sigara pia uache, inachokoza mirija."

"Havuti," Ramona alisema haraka.

"Zile nene," alisema Petronila. "Mbili kwa siku. Nyuma ya chumba cha dobi."

Njiani kurudi, Ramona alikuwa bado anamtazama. "Na nadhiri? Sikukuu ni tarehe nane. Daktari ni kumi na tano. Utajuaje kama umejibiwa?"

Maisha yake yote Petronila hakuwahi kukipitisha kitanda bila kukikagua kwanza kwa macho yake.

Alizitupa sigara siku hiyo. Kesho yake, kwenye bustani ya maua, palikuwa na kaburi dogo lenye msalaba wa njiti za kiberiti na maandishi: *Hapa amelala Sigara, nyuma ya dobi alipendwa.* Bweni zima lilisimama dirishani likingoja adhabu. Matroni aliyasoma, akanyoosha msalaba uliokuwa umeinama, akaenda kupiga kengele. Hilo liliwatisha wasichana kuliko fimbo.

Kila alfajiri alisimama bafuni na mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Wiki ya kwanza kitambaa kilikuwa na doa. Ya pili, doa dogo. Ya tatu vidole vyake vilifika kwenye kifungo cha gauni, vikarudi.

Tarehe nane alitembea. Hakujua kama anashukuru au anaomba, akamwachia Bikira achague. Jua la Desemba liliwachoma yeye, Ramona, na maelfu ya wengine, na walipofika juu, gauni lilikuwa limelowa mpaka mgongoni.

Ramona alimvuta nyuma ya kibanda cha chipa, vile vimkate vya jibini. "Lete kitambaa."

"Kimelowa."

"Nimesema lete!"

Alikichomoa. Kilikuwa chapachapa. Ramona alikiinua juani, akakigeuza, akakinusa bila aibu yoyote mbele ya muuza chipa.

"Jasho," alisema. "Jasho tupu, mdogo wangu! Hakuna kijani, hakuna damu. Ona mwenyewe!"

Petronila alikitazama upande huu na upande ule, akakagua hadi pindo. Akangoja furaha. Haikuja. Alikaa chini, akavua kiatu cha kulia. Malengelenge mawili yalikuwa yamepasuka kisiginoni.

"Inauma," alisema, akishangaa kidogo.

"Nini? Titi?"

"Mguu." Akabonyeza kisigino kwa kidole, akabonyeza tena. "Mguu unaniuma, Ramona."

"Basi acha kuubonyeza!" alisema dada yake, akaenda kununua chipa.