Kitambaa cha Meza ya Bwana

Kila Jumatatu baada ya Chakula cha Bwana, Lea alikifua kitambaa cha madhabahu, akasugua kwa ndimu pale divai ilipodondoka, akakianika uani kwake Muheza na kukaa karibu ili kuku wasikichezee. Kitambaa aliruhusiwa kukishika. Kwenye meza yenyewe hakuruhusiwa kushiriki.

Kosa lake lilikuwa la kawaida tu. Aliishi na Innocent, mchuuzi wa machungwa, bila ndoa ya kanisani, na kwa utaratibu wa usharika wao watu wa namna hiyo hubaki kwenye benchi. Innocent hakukataa kubariki ndoa. Alitaka kwanza sherehe ya kueleweka, yenye turubai, pilau na muziki, watu wasije wakasema ameoa kimyakimya kama mwizi. Kila msimu wa machungwa aliahidi msimu ujao. Binti yao Jenifa akazaliwa, akaota meno, akavunja ungo, na sherehe bado ilikuwa njiani.

Lea alijaribu kujishibisha kwingine. Alikesha, akafunga, akapanda mlimani na wanamaombi, akarudi vilevile. Alimtamani Mungu, na kutamani huko kulimuuma.

Kisha Jenifa akapata kipaimara. Jumapili iliyofuata, akiwa amekaa na mama yake, meza ilipotangazwa, msichana aliinuka kwenda mbele. Lea akasogeza miguu ampishe, kama alivyowapisha wengine miaka yote.

Jioni ile chakula hakikushuka. Innocent alipouliza kulikoni, alimwambia.

“Baba Jenifa, pilau yako siitaki. Nina njaa ya Mungu, nawe umeniweka benchi hadi mwanangu amenitangulia mezani.”

Innocent alisema machungwa msimu huu yamebeba vizuri, wangoje kidogo. Halafu akamtazama usoni. Asubuhi, kabla ya kwenda sokoni, alipitia kwa mchungaji.

Ndoa ilitangazwa, ikabarikiwa baada ya ibada, bila turubai wala muziki. Watu walisema, kama Innocent alivyoogopa. Walipochoka wakaacha.

Siku ya meza ilipofika, Lea alipiga magoti kando ya mumewe. Mkate ulikuwa mwembamba, ukayeyuka ulimini kabla hajauonja sawasawa. Divai ilikuwa funda moja dogo. Miaka yote alidhani siku hiyo atajaa pomoni. Badala yake njaa ilizidi, kali na tamu, na machozi yakamtoka asijue ya nini, ila hayakuwa ya huzuni.

Walirudi kwenye benchi. Innocent, aliyekuja zaidi kwa ajili yake, alimwinamia.

“Umeshiba sasa, Mama Jeni?”

“Bado,” akajibu Lea, akasogeza miguu kuwapisha waliokuwa wakienda mezani.