Benchi la Upande wa Pili

Mashabiki wa Nyota ya Masieda walifika Haydom saa nane mchana wakiwa wamesimama ndani ya fuso, koo zimeshaanza kukauka kwa kuimba. Wa kwanza kushuka alikuwa Fabiola Sulle, mkulima wa vitunguu saumu, mama wa miaka arobaini na nane ambaye watu wote humwita Mama Judica. Huyu ndiye aliyekuwa akiongoza nyimbo za timu kwa mwaka wa kumi na tano sasa, na wimbo aliokuwa akianza nao kila mechi ulikuwa mmoja tu: "Mwalimu ndiye, Mwalimu ndiye, wengine wanafuata!"

Mwalimu mwenyewe ni Qamara, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, kocha wa Nyota kwa miaka ishirini na miwili. Aliichukua timu hiyo vijana wakicheza peku kwenye uwanja wenye mteremko, akaipeleka mpaka ikabeba kombe la wilaya mara tatu. Alijua jina la mama wa kila mchezaji, na mchezaji akifiwa, Mwalimu ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika msibani. Ukimsema vibaya pale Masieda, hata chai utakunywa peke yako.

Wiki tatu mfululizo kabla ya mechi hii Mwalimu hakuonekana mazoezini. Katibu wa timu, Onesphory, aliwaambia mashabiki kwamba amekwenda Babati kumsalimia binti yake, na kwamba siku ya nusu fainali watakutana naye uwanjani. Kwa hiyo Fabiola alipokwisha kupanga watu wake kando ya mstari wa chaki, alitupa macho kwenye benchi la Nyota kumtafuta. Akamwona Tadei, kocha msaidizi, amekaa kwenye kiti cha Mwalimu huku amejikunyata kama mtu aliyekalia kisicho chake.

"Mwalimu yuko wapi?" akauliza.

Mzee Baltazar, shabiki wa siku nyingi aliyesimama karibu naye, alinyoosha kidole kuvuka uwanja. Kule ng'ambo, kwenye benchi la Bonde, timu kutoka Yaeda Chini, alikuwa amesimama mtu mrefu mwenye koti la kijivu, mikono nyuma, kichwa kimeinama kidogo upande wa kushoto. Kusimama kule hakukuwa kwa mtu mwingine duniani.

"Amekwenda kuwasalimia," Fabiola akasema.

"Amevaa fulana yao ndani ya koti," Baltazar akajibu.

Fabiola alimkimbilia Onesphory. Katibu akawa anaangalia simu ambayo haikuwa imeita. "Mama Judica, tucheze mpira kwanza," akasema. "Mengine tutayazungumza nyumbani." Kabla hajambana zaidi, refa akapuliza filimbi.

Tangu aanze kushabikia mpira, Fabiola hakuwahi kuona mechi ya namna ile. Alianza wimbo wake kwa mazoea, akafika "Mwalimu ndiye," akanyamaza katikati, maana Mwalimu ndiye, lakini wa nani? Watu wakamwangalia. Akaanza mwingine ambao haukuitikiwa vizuri. Dakika ya thelathini Bonde wakafunga. Mwalimu Qamara akainua mikono yote miwili juu, vile vile alivyokuwa akiinua siku zote, na nusu ya mashabiki wa Masieda, walipoiona ile mikono, wakaruka kushangilia. Walipotambua, wakashuka polepole, kila mmoja akimkwepa mwenzake kwa macho.

"Sasa tumefunga au tumefungwa?" akauliza Mzee Baltazar, na hakuwa anatania.

Mapumziko yalipofika, Fabiola alivuka uwanja katikati, kitu ambacho si ruhusa, na hakuna aliyemzuia. Njiani alikuwa amejiandalia maneno makali. Alipofika, adabu ikamtangulia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Mama Judica. Judica amejifungua salama?"

"Salama. Wa kike."

"Mungu ashukuriwe. Na mguu wa mzee wako?"

"Unaendelea vizuri." Yale maneno makali hakuyaona tena. "Mwalimu, unafanya nini huku?"

"Nafundisha mpira."

"Huku?"

"Mama, sasa hivi nina wachezaji wananisubiri. Njoo baada ya mechi nikuambie. Wewe hasa nataka nikuambie."

Akageuka. Fabiola alirudi upande wake akiwa amechanganyikiwa kuliko alivyokwenda. Kwa nini yeye hasa? Watu wakamzunguka wamwulize amesemaje, naye akawaambia ameulizia mtoto wa Judica. Baadhi wakaanza kumlaani Mwalimu kwa sauti. Wengine wakawaambia wafunge midomo, mtu hawezi kumtukana baba yake kwa sababu amehama nyumba.

Kipindi cha pili Nyota wakasawazisha. Fabiola alishangilia, lakini alijikuta akichungulia ng'ambo kuona kama Mwalimu ameumia. Mwalimu alikuwa amepiga makofi mawili, kimya kimya, akiutazama ule ufungaji kama kazi ya mwanafunzi aliyemfundisha kuandika. Mechi ikaisha kwa bao moja kwa moja, wakaenda kwenye penalti.

Hapo ndipo Fabiola alipomwangalia vizuri kipa wa Bonde. Muda wote alikuwa amevaa kofia iliyoshuka hadi kwenye nyusi. Sasa aliivua, akaitupa nyuma ya nyavu. Alikuwa Margwe.

Margwe alikuwa kipa wa Nyota mpaka mwaka jana. Katika fainali aliachia mabao mawili mepesi, mpira ukimponyoka mikononi kama samaki, na kombe likapotea. Siku ile Fabiola alitunga wimbo pale pale uwanjani, "Kipa ameuza mechi," ukaimbwa njia nzima mpaka Masieda, ukaimbwa sokoni mwezi mzima. Margwe akaondoka kijijini. Hakuna aliyeuliza amekwenda wapi.

Leo alipangua penalti mbili. Bonde wakashinda.

Mashabiki wa Bonde walipoingia uwanjani kucheza na kushangilia, Mwalimu alimwona Fabiola amesimama peke yake, akamfuata mwenyewe.

"Nilitoa barua ya kuondoka," akasema. "Kamati wakaificha. Waliogopa nyinyi msingekuja tena uwanjani."

"Lakini kwa nini, Mwalimu? Tulikukosea nini? Sisi tunakupenda."

"Ndiyo hiyo." Alivuta pumzi. "Ile fainali, Margwe aliniambia wakati wa mapumziko kwamba kifundo cha mkono kimeteguka. Aliomba atoke. Mimi nikamkatalia, kwa sababu kipa wa akiba nilikuwa simwamini. Kosa lilikuwa langu, Mama Judica. Mkaimba kipa ameuza mechi, halafu papo hapo mkaimba Mwalimu ndiye. Na mimi nikanyamaza. Nilikaa mbele ndani ya gari, nikasikiliza nyimbo zote mbili, nikanyamaza mpaka nyumbani."



"Ungetuambia," Fabiola akasema.

"Mngeniamini? Mngesema Mwalimu ana moyo mzuri, anambeba kipa. Mngenipenda zaidi." Alitabasamu bila furaha. "Nikasikia Margwe yuko huku bondeni na wana timu isiyo na kocha. Nikaona nimfuate."

Alimpa mkono, akaenda kwa wachezaji wake. Fabiola akabaki hajui amkasirikie, amwonee huruma, au amwombe msamaha. Akaona jambo moja tu linalowezekana, akamfuata Margwe, aliyekuwa amekaa chini akifungua viatu.

"Shikamoo, mama," kijana akasema kabla yeye hajafungua kinywa.

"Marahaba, baba. Margwe, ule wimbo wa mwaka jana niliutunga mimi. Nimekuja kuomba msamaha. Mwalimu ameniambia uliomba kutoka, akakukatalia."

Margwe aliinua uso, akakunja kipaji cha uso.

"Amekuambia hivyo? Hapana, mama. Aliniuliza kama naweza kuendelea, nikasema naweza. Nilitaka kucheza fainali. Ningemwambia ukweli angenitoa."

"Basi uliondoka kwa sababu ya wimbo?"

"Mjomba aliniita nikamsaidie ng'ombe wake. Ule wimbo hata mimi niliuimba," akasema, akicheka kidogo huku akiangalia kamba za viatu. "Una sauti nzuri, mama."

Mmoja wao hakuwa akisema kweli. Mwalimu alikuwa akijibebesha kosa, au kijana alikuwa akimtua mzigo yeye Fabiola, au kila mmoja alikuwa akimfunika mwenzake na wote wawili walijua. Fabiola alitaka kuuliza tena, akaona hata akijibiwa hatajua aamini lipi. Akamwambia tu, "Leo umedaka vizuri sana, mwanangu," naye akaitikia asante.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, mashabiki wa Nyota walikutana. Fabiola alisimama akasimulia yote aliyoyasikia, la Mwalimu na la Margwe, bila kuongeza lake. Alitegemea watu wataona haya. Wengine waliona. Wengine walisema, mnaona sasa, Mwalimu ni mtu wa namna gani, hata akikosa anakiri! Na wakaanza kumsifu upya. Mzee Baltazar alisema yeye haelewi tena kitu, ila timu iko chini ya Tadei na Tadei apewe nafasi, asiimbwe wala asitukanwe kwa mwaka mmoja. Watu wakaguna, lakini hakuna aliyepinga.

Fainali ilipochezwa, Fabiola alipanda pikipiki akarudi Haydom peke yake, bila kumuaga mtu. Alisimama nyuma ya goli, mahali ambapo si pa timu yoyote. Bonde walifungwa tatu bila. Bao la tatu lilikuwa la kizembe, mpira ulipita katikati ya miguu ya Margwe, na watu wa Bonde wakaanza kumzomea.

Mwalimu Qamara aliondoka kwenye benchi, akatembea kando ya chaki mpaka walipokuwa mashabiki wake wapya, akasimama mbele yao na kusema kitu. Upepo ulikuwa mkali, Fabiola hakukisikia. Aliona tu wamenyamaza, kisha wakaanza kumwimba Mwalimu. Naye akatikisa kichwa, akawapungia mikono waache, nao wakazidi kuimba.