Nguvu Zote ni Zako

Mtu mzima mwenye kitambi chake, magoti yamekaribia kidevu, kofia imebanwa na paa: hivyo ndivyo Fundi Sikio alivyokaa asubuhi ile katika kiti cha nyuma cha gari la mkwewe. Lilikuwa gari la michezo, jipya, lenye milango miwili tu, na waliolibuni waliweka kiti cha nyuma kwa jina tu, kama mtu anayekukaribisha kwake huku ameziba mlango. Mbele yake palisimama migongo ya viti viwili vya mashindano, vile vinavyombana dereva mbavu zote. Viti hivyo alivifunga mwenyewe kwa mikono yake. Hata wenzo wa kuvisogeza aliuweka chini kabisa, upande wa mbele, kwa sababu hakuwazia kwamba mtu mwenye akili timamu angekuja kukaa nyuma. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

"Baba, unapata hewa huko?" aliuliza binti yake kutoka kiti cha mbele yake.

"Napata. Hebu tulia."

Walikuwa wakienda kumwangalia shangazi mtu, aliyekuwa amelazwa mji wa juu, ng'ambo ya milima. Wakati wa kuondoka binti alimfungulia baba yake mlango wa mbele, kama adabu inavyotaka, naye akakataa katakata. "Kaa na mumeo," alisema, "mimi nitajikunja tu." Binti alimtazama kwa muda kisha akasogeza kiti chake mbele kadiri magoti yake yalivyoruhusu. Hakujua kwamba baba yake alikuwa anakimbia jambo moja: hakutaka mkwewe auone uso wake barabarani.

Jina la Sikio alipewa na wateja. Wenzake walichomeka mashine kwenye gari na kusubiri mashine iseme. Yeye aliinamisha kichwa, akafumba macho, akasema, "Silinda ya tatu inakohoa," na ikawa hivyo. Watu walimletea magari mapya yangali na nailoni kwenye viti, wakitaka yawe na nguvu kuliko alivyokusudia aliyeyaunda. Naye alikuwa na desturi yake. Kazi ikiisha hakumpa mteja ufunguo mkononi. Aliuacha ndani, akaweka kiganja juu ya paa la gari na kusema, "Nguvu zote ni zako, na lawama zote ni zako." Wateja walicheka, lakini hakuna aliyeondoka kabla hajayasikia maneno hayo. Kwao yalikuwa dhamana kuliko karatasi yoyote, kwa kuwa Sikio hakuwahi kumdanganya mtu kuhusu injini.

Hakuwahi, mpaka mkwewe alipokuja.

Mkwe huyu alikuwa daktari wa meno, mtu mrefu, mpole, mwenye sauti ya kumbembeleza anayeogopa sindano. Kwa kweli fundi alimpenda, na hapo ndipo pagumu. Angekuwa mpuuzi ingekuwa rahisi. Siku aliyolileta gari gerejini alilizunguka mara kadhaa huku akilipapasa, akasema, "Baba, mimi kutwa nimeinama kwenye vinywa vya watu. Chumba kimoja, taa moja, kiti kimoja. Nataka kitu kimoja tu maishani kinachokwenda. Lifungue nguvu zote, usinibakizie."

Binti yake alikuwa amekaa juu ya meza ya kazi, anabembeza miguu kama zamani. Gerejini walimwita Spana, maana kabla hajajua kusoma alishajua kumpa baba yake spana anayoitaka bila kuambiwa ni ya ngapi. Sasa alikuwa mwalimu wa hesabu, lakini akiingia pale mikono ilimwasha. Siku hiyo hakusema ndiyo wala hapana.

Fundi akaifanya kazi. Alibadilisha ekzosi, gari likaunguruma mpaka vikombe vya chai vikatetemeka kwenye rafu. Akaweka kichujio kikubwa cha hewa, springi fupi, matairi mapana, na breki ambazo alizichagua kama mtu anayemchagulia mwanawe shule. Ikabaki kompyuta ya injini, ambako ndiko nguvu zenyewe zinakolala. Alichomeka waya chini ya usukani na kufungua kompyuta yake mapajani. Hapo jicho lake likaangukia kibanio cha nywele kwenye kiti cha abiria. Kilikuwa cha Spana.

Magari mangapi aliyoyafungua yalikuwa yamerudi juu ya lori la kubebea magari mabovu, yamekunjamana! Mengine hayakurudi. Siku zote alijiambia kwamba lawama alishamkabidhi mwenyewe, na akalala usingizi wake. Safari hii maneno hayo hayakumtosha. Aliogopa, na hofu ikamfundisha ujanja. Aliiwekea injini iitikie upesi mguu unapogusa tu, ili mjini, kutoka taa hii hadi ile, gari lionekane kali kama pilipili. Lakini huko juu, mahali ambapo dereva anakanyaga mpaka mwisho na kudai chote, huko akalifunga, hata chini ya lilivyotoka kiwandani. Kisha akaweka kiganja juu ya paa akasema, "Nguvu zote ni zako, na lawama zote ni zako," na mkwewe akamkumbatia.

Tangu siku hiyo hakuwa na raha. Mkwe alimsifu kila alipokaa. Alimletea madaktari wenzake waje wausikie mngurumo. Mara moja tu aliuliza, "Baba, mbona kwenye mlima ni kama linachoka?" na fundi akajibu, bila kuinua macho kwenye kazi yake, "Injini mpya hiyo, bado inajizoesha." Uongo wa kwanza hauna shida; shida ni kuulisha kila siku. Mara ngapi alitaka kusema! Angesema nini? Kwamba mtu mzima, fundi wa kuaminika, amemfanyia mume wa binti yake mzaha wa kitoto? Akisema, jina limekwenda. Asiposema, yule kijana anaendesha gari analolidhania tu. Alikuwa amejifungia ndani na ufunguo ameumeza.

Sasa mji ulikuwa umebaki nyuma na barabara imeanza kupanda. Ilikuwa nyembamba, njia moja ya kwenda na moja ya kurudi, mlima upande huu na korongo upande wa pili. Mbele yao lori la kokoto lilikuwa linajikokota na kutema moshi.

"Leo Baba utaonja kazi ya mikono yako," alisema mkwe kwa furaha. "Injini imeshajizoesha, na mjini hakuna pa kulijaribu. Subiri tu huyu."

"Hatuna haraka, mwanangu," alisema fundi. "Mgonjwa hakimbii."

"Haraka hatuna. Nataka uone tu."

Sema sasa, alijiambia. Sema. Alimtazama Spana shingoni, mahali nywele zinapoanzia, na kile kibanio. Akasema, "Barabara hii ina kona," jambo ambalo kila mtu alikuwa analiona.

Kona ikaisha, barabara ikanyooka. Mbali kule juu palikuwa na basi linateremka, bado dogo. Mkwe alipima kwa macho, na kwa gari alilodhani analo alipima sawasawa kabisa. Aliwasha indiketa, akatoka, akakanyaga.

Gari likaruka mbele, kama lilivyofundishwa. Likafika ubavuni mwa lori. Halafu likakwama hapo. Sauti iliongezeka, mwendo haukuongezeka. Liliunguruma kama simba wa kuchorwa, na magurudumu ya lori yakawa yanazunguka pale pale dirishani, hayarudi nyuma. Basi halikuwa dogo tena. Lilipiga honi.

"Twende," mkwe alilibembeleza gari. "Twende, twende…"

"Rudi nyuma!" fundi alipiga kelele. "Halina nguvu! Nimelifunga! Funga breki urudi nyuma!"

Mkwe akafunga breki. Breki zile zilishika, zikawatupa wote mbele, lori likawapita, na gari likachomoka kurudi nyuma yake huku basi likipita na upepo wake na honi yake na nyuso za abiria waliosimama. Kisha kukawa na harufu ya mpira na moshi wa lori.

Waliegesha palipokuwa na nafasi kando ya barabara. Mkwe alizima injini. Mikono yake, ile ambayo haikutetemeka katika vinywa vya watu, ilikuwa inatetemeka. Alifungua mlango akatoka, akaenda kusimama kando ya korongo, mgongo kwao. Spana naye akatoka, akamfuata. Hakuna aliyekumbuka kumtoa mzee.

Fundi alijaribu kusukuma kiti cha mbele, hakikuenda. Akapenyeza mkono pembeni kuutafuta wenzo, vidole vikaishia hewani. Injini nzima angeweza kuifungua na kuifunga, lakini kiti chake mwenyewe kilimshinda. Aliona vinywa vya wanawe vikizungumza na hakusikia neno. Alilia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, na alipowaona wanarudi akajifuta haraka kwa kofia.

Mkwe aliinama kwenye mlango uliokuwa wazi. Hakufoka. Fundi angefurahi kama angefoka.

"Ungeniambia hapana, Baba. Hapana ningeielewa."

"Ungeenda kwa mwingine."

Mkwe alifikiri. "Ningeenda," alisema. "Lakini ningejua ninachokiendesha."

Fundi alimgeukia binti yake, maana huko ndiko alikozoea kupata huruma. "Mama, nilikuwa nakuhofia wewe. Kila nikitazama kile kiti nakuona wewe."

"Mimi nililisikia, Baba," alisema Spana.

"Ulisikia nini?"

"Siku ile ile ya kwanza. Tulipotoka mjini tu nikasikia linapiga kelele na halivuti. Wewe ndiye uliyenifundisha kusikiliza, umesahau?" Alitazama pembeni, kisha akamrudia. "Nikasema moyoni, masikio ya Baba yamezeeka. Kazi imemtoka na hajijui. Nikanyamaza. Hata huyu mume wangu alipouliza kuhusu mlima, mimi ndiye niliyemwambia akuamini, ili jina lako lisivunjike. Nimekuwa nikilia peke yangu kwa ajili ya masikio yako."

"Hayajazeeka," alisema fundi kwa sauti ndogo.

"Naona. Afadhali yangekuwa yamezeeka."

Siri ya mtungi aijuaye ni kata, walisema wahenga, lakini hawakusema kata inaumia vipi. Fundi alikuwa amedhani amemzungushia binti yake ukuta. Kumbe naye binti alikuwa ameushika ukuta huo huo kutoka upande wa pili, na wote wawili nusura wamuue mtu asiye na kosa aliyekuwa katikati. Jambo hilo lilimwingia polepole, na lilipomwingia lilimuuma kuliko basi lingeweza kumuumiza.

Mkwe alimpa mkewe ufunguo. "Endesha wewe. Mimi mikono haifai."

Spana aliketi kwenye usukani, akarekebisha kioo mpaka macho yake na ya baba yake yakakutana humo.

"Linavuta mpaka wapi?"

"Gia ya tatu linavuta vizuri," alisema fundi. Ilikuwa ajabu jinsi ukweli ulivyotoka kwa urahisi, kama nati iliyokwisha kutiwa mafuta. "Kuanzia hapo ni kelele. Usilipite gari lolote kwenye mlima. Mteremko, sawa. Breki ziamini kabisa, hizo sikuzichezea."

"Sasa sema maneno yako."

"Maneno gani?"

"Unayajua. Mimi hujanikabidhi."

Fundi aliinua mkono. Nje hakuweza kufika, kwa hiyo aliweka kiganja kwenye paa kwa ndani, juu ya kichwa chake, mahali kofia ilipokuwa imebanwa. Alikohoa.

"Nguvu ni nusu," alisema.

Walisubiri. Mkwe alikuwa bado amesimama mlangoni, mkono juu ya paa hilo hilo, upande wa nje.

"Na lawama?" aliuliza mkwe.

"Lawama ni zangu."

Hakuna aliyecheka wala kumwambia basi, yamekwisha. Mkwe alijikunja akaingia kiti cha abiria, mbele ya fundi, na magoti yake marefu yakagonga dashibodi, kwa kuwa mkewe alikuwa amekisogeza kiti mbele mno. Spana aliwasha injini. Ule mngurumo uliwajia wote watatu, mkubwa na mtupu, na kwa mara ya kwanza hapakuwa na mtu ndani ya gari aliyeuamini. Akatazama nyuma, akaingia barabarani taratibu, na baada ya kona mbili wakalikuta tena lile lori la kokoto. Akapunguza mwendo, akakaa nyuma yake.

Mkwe aliinama na kupeleka mkono chini ya kiti, akautafuta wenzo. Fundi aliusikia ukifunguka. Alivuta magoti, akabana pumzi, akakisubiri kile kiti kirudi nyuma kimbane, na akakubali moyoni kwamba ni haki yake. Kiti kilisita. Kisha kikaenda mbele, tundu moja zaidi, mpaka magoti ya yule mrefu yakakwama kabisa kwenye dashibodi, na wenzo ukafunga.

Mkwe hakugeuka. Fundi akashusha miguu yake sakafuni.