Fedha ya Kanzu Nyeupe

Miaka ile treni ya Taveta ingali ajabu ya watu, Abdulghani, mwenye duka karibu na stesheni ya Voi, alipenda vitu viwili: sura yake na funguo zake. Sura aliionyesha, funguo alizificha. Mkaza mwanawe, Mwanaesha, alipomwomba fedha kidogo ya kumfulia mtoto wake Umi mafurungu, ili siku ya arobaini asitolewe miguu mitupu mbele za watu, mzee alikohoa.

"Fedha kwa mtoto asiyejua hata jina lake? Mfungeni uzi."

"Ewallah, baba," Mwanaesha akajibu kwa sauti tamu kama tende, akajiiba, mtoto mgongoni, akaenda zake kwa kakake, Badawy, mfua fedha. Kichwani alijitwika kasha la vioo vya picha. Mpiga picha aliyepanga chumba chao cha nyuma alipohama alimwachia: "Vioshe, mama, uvitie dirishani." Ndani ya vioo mlikuwa na watu kama mizuka, nyuso nyeusi zimekuwa nyeupe, nguo nyeupe zimekuwa nyeusi.

Badawy akainua kimoja juani, akacheka. "Esha, weusi huu ndio fedha. Palipokuwa peupe kwa mtu ndipo penye mali."

Wakachemsha maji ya magadi, wakatumbukiza vioo. Utando ukabambuka, tope jeusi likatua chini. Karani wa reli na suruali yake nyeupe alitoa tope la maana. Akina mama wa buibui walitoa masizi ya kibatari tu. Wakalichuja, wakalikausha, Badawy akaliyeyusha huku akivuta mivukuto.

Likatoka tone dogo kama punje ya hindi.

"Hii haitoshi hata pete ya paka," akasema.

Kasha lilibaki na kioo kimoja, kikubwa kuliko vyote: Abdulghani, kanzu nyeupe, kilemba cheupe, nyuma yake shuka jeupe. Mpiga picha alikuwa ameagizwa na mzee akitunze, akakisahau humo.

"Huyo mwache," Badawy akanong'ona. "Akijua, utarudishwa kwetu pamoja na mtoto wako."

Mwanaesha akasita. Umi, mgongoni, akampiga teke kwa kisigino kitupu.

"Niwie radhi, baba," akasema, akimshusha mkwewe taratibu. "Maji yana moto kidogo."

Siku ya arobaini mguu wa kulia wa Umi uling'aa kwa furungu moja. Abdulghani akakunja uso. "Nani katoa fedha hii?"

"Wewe, baba," Mwanaesha akasema.

Kabla hajakana, wanawake walishapiga vigelegele. "Kumbe huna mkono wa birika, mzee!" Kukana kukamshinda, akajipapasa ndevu, akatabasamu kwa wote.

Wageni walipokuwa kwenye pilau, akamvuta mkaza mwanawe kando. "Mimi nilitoa lini?"

Mwanaesha akamletea kioo, kitupu, safi kama maji. Mzee akakigeuza huku na huku. "Nami niko wapi?"

"Umemshika mjukuu wako mguu, baba."

Abdulghani akatazama kupitia kioo. Ng'ambo yake Umi alikuwa akirusha miguu, na wanawake wangali wakimsifu babu mtu. Mzee akakohoa kikohozi chake cha funguo.

"Na wa kushoto je? Watu watasema nimetoa nusu."

"Basi, mzee wangu," Badawy akadakia mlangoni, "ukapigwe picha nyingine. Na uvae nyeupe."