Aliyeshika Viatu vya Masikio

Masikio hakuwa mtu. Nasema hivi mapema kwa sababu nyumba ya mama yangu ilisusiwa kwa ajili yake, na kila nikikieleza kisa hiki kwa mgeni hudhani namzungumzia mwanasiasa. Masikio alikuwa mnyama wa gemu. Shemeji yangu alimleta kutoka Dubai ndani ya boksi, pamoja na mashine na televisheni ya mtumba, na mume wangu Anas akafungua chumba cha gemu mbele ya nyumba yetu, Tibirinzi, mjini Chake Chake, Pemba. Jina lake la kweli lilikuwa kwenye boksi kwa herufi za Kijapani au Kichina, sijui, hakuna aliyeweza kulisoma. Watoto walimwona ana rangi ya chungwa, si paka si mbwa, masikio mapana kama vipepeo vya kupepea moto jikoni, wakamwita Masikio. Basi ndilo likawa jina lake.

Kwenye gemu kazi yake ilikuwa kukimbia, kuruka mashimo na kuokota matunda. Lakini watu wa Chake hawamwachi mtu maarufu atulie pahala pake. Kwanza Anas alimwita mchoraji akamchora ukutani. Mara akaonekana kwenye mikoba ya skuli, mara kwenye kioo cha nyuma cha gari ya abiria ya Konde, mara juu ya keki ya harusi huko Makangale, ambako bwana harusi alishikilia kwamba bila Masikio haingii ndani. Alialikwa kila pahala kama jamaa aliyerudi safari. Ilipokaribia Idd, Anas akanambia, "Ruweida, weye si fundi wa nguo? Hebu ntoe huyu ukutani."

Nikamtoa. Nilikata mablanketi ya rangi ya chungwa, nikashindilia sufi kwenye masikio, nikamshonea kichwa kikubwa chenye tundu dogo mdomoni la kuonea. Miguu niliifunga chini kabisa, kwa hiyo aliyelivaa vazi hakuweza kuvaa viatu, na kwa tundu lile hakuona zaidi ya mchanga uliokuwa mbele yake.

Aliyeingia ndani alikuwa ndugu yangu Mjaka. Mjaka alikuwa mwezekaji wa mapaa huko kijijini kwetu Vitongoji, mtu mzima, mikono yake haikosi kazi, lakini ulimi wake ulikuwa mzito. Ana kigugumizi tangu utoto. Akitaka kusema "karibu," mgeni keshaketi, keshakunywa maji, yeye bado yumo kwenye ka-ka-ka. Watu walimchekea usoni, na wenye adabu walimmalizia maneno, jambo lililomuumiza zaidi. Ndani ya Masikio hakuhitaji kusema. Alicheza ngoma ya msewe kwenye viwanja vya Idd hata wazee wakasimama kwenye viti. Watoto walimrukia, wakambusu lile blanketi. Siku ile nilimwona ndugu yangu akivua kichwa cha sufi nyuma ya nyumba, jasho linamtiririka, anacheka peke yake. Nililia, sioni haya kusema.

Tulikubaliana kwamba hakuna atakayejua nani yumo ndani. Waliojua ni mimi, Anas na mama yetu, Bi Mwanapili. Yeye ndiye aliyekuwa macho ya Mjaka. Kila alikoalikwa Masikio, mama alifuatana naye, akimshika mkono asijikwae, na mkono wa pili ameshika makubadhi ya mwanawe. Watu walidhani bibi kizee kapenda kinyago. Masikio alikwenda kwenye chanjo ya watoto, akaenda kwenye mahafali ya chekechea, na Idd ya pili walikuja watu wa televisheni kutoka Unguja wakampiga picha. Usiku ule alionekana kwenye habari, baada ya mawaziri. Mama alimgusa kwenye kioo kwa kidole, akasema, "Mwenyezi Mungu kamfungulia."

Mama yetu naye alikuwa na kazi yake. Alikuwa mwosha wa Vitongoji. Mwanamke akifa, kabla hata kilio hakijatulia, mtu alikuwa keshatumwa kwa Bi Mwanapili. Alikuwa na kikapu chake cha mkunazi uliotwangwa, pamba, udi na karafuu maiti, kimetundikwa nyuma ya mlango. Hakutoza kitu. Aliwaosha mama zao, bibi zao, wake zao waliokufa kwa uzazi, na hakuna siku aliyotoka humo akasimulia alichokiona kwenye mwili wa mtu.

Halafu ukaja mwaka wa uchaguzi. Msiokuwepo Pemba miaka ile hamtajua. Vyama vilipoingia, viliingia hadi kwenye vyungu. Mtu hanunui chumvi kwenye duka la asiye wa chama chake, haitikii salamu yake, hali kwenye harusi yake. Na kilichokuwa kibaya kuliko vyote, hamziki maiti wake.

Ulikuja mwaliko wa Masikio kwenda kijiji cha jirani: bomba la maji linafunguliwa, kutakuwa na sherehe ya watoto. Anas aliuliza mara mbili kama kuna siasa, akaapiwa kwamba hakuna. Mama akamshika mkono mwanawe, wakaenda. Watoto walikuwepo kweli, na ngoma ilikuwepo, na Mjaka alipoisikia ngoma akacheza. Hakuona bendera zilizofunuliwa baadaye. Hakumwona mheshimiwa aliyeshuka garini, mtu wa chama ambacho Vitongoji haikutaka hata kukisikia. Alihisi tu mkono wake unanyanyuliwa juu na watu wanapiga makofi. Mama hakujua kusoma yaliyoandikwa kwenye vitambaa. Aliona mwanawe anapigiwa makofi na mkubwa, akatabasamu kwa meno yote aliyobakiwa nayo.

Baada ya wiki chache kalenda za chama chake zikatoka. Kila pahala, mheshimiwa kamnyanyua Masikio mkono, na pembeni yao, uso wazi, mama yangu, kashika makubadhi, anacheka.

Nani alikuwa ndani ya vazi, watu hawakujua na hawakuuliza. Walidhani ni kijana aliyeletwa na wenye mkutano. Lakini Bi Mwanapili walimjua. Mzee Mmanga, aliyekuwa jirani yake ukuta kwa ukuta, aliibandika kalenda kwenye mnazi wa njia panda ili kila mpitaji aone. Kuanzia siku hiyo mama alisalimia na hakuitikiwa.

Nilikwenda Vitongoji nikiwaka moto. "Mama, miye nakwenda kuwambia. N'tawambia ni Mjaka, kadanganywa, hakuona kitu."

"Huendi pahala," akasema.

"Wanakususia kwa kosa gani?"

"Wakijua ni yeye, nani atampa paa aezeke? Nani atampa nke? Miye n'shaolewa, n'shazaa, n'shakula chumvi yangu. Yeye hana kitu ila wale watoto wanaomrukia. Nnataka akumbuke kuwa alipendwa, asikumbuke kuwa alitukanwa." Kisha akanikazia macho. "Ukisema, Ruweida, sikupi radhi yangu."

Mtoto wa Kiislamu haichezei radhi ya mama yake. Nikaapa, na Mjaka naye akaapishwa. Vazi akalirudisha kwangu, hakulivaa tena.

Mwezi wa Rajabu akafa Bi Duni, shoga yake mama tangu utotoni. Nilikuwepo siku hiyo. Mama aliposikia kilio alioga, akavaa buibui, akakiteremsha kikapu chake, akaketi kizingitini kungoja kuitwa. Adhuhuri ikapita. Tukaliona gari likishusha mwanamke asiyejulikana mbele ya nyumba ya msiba. Walikuwa wamemfuata mwosha kutoka kijiji cha Ole. Mama aliendelea kuketi mpaka jeneza likatoka, likapita mbele yetu. Kisha akakirudisha kikapu nyuma ya mlango, akalala, na nadhani ugonjwa wake ulianzia pale, daktari aseme atakavyo.

Alipodhoofika nilihamia kwake. Asubuhi moja alinambia nifunge mlango na nitandike mkeka sakafuni. Akajilaza chali, akajinyoosha, mikono ubavuni.

"Nioshe," akasema.

"Uoge, mama? Ngoja n'kuchemshie maji."

"Sisemi kuoga. Nioshe kama n'shakufa. Hawatokuja, mwanangu, na weye hujui."

Nilimkatalia. Nilipiga kelele, nikamwambia hayo ni maneno ya uchuro. Akaningoja nimalize. Halafu akaanza kunifundisha, macho kayafumba, sauti yake ileile ya kunifundisha kupika mkate wa kumimina. Unaanza na Bismillahi na kumtia udhu. Unamfunika toka kitovuni hadi magotini, humfunui, hata awe mama yako. Kulia kwanza, kisha kushoto. Hapa unapitisha mkono kwa kitambaa. Tumbo unalikamua polepole, kama ntoto nchanga. Maji ya mkunazi, kisha maji matupu, ya mwisho yenye karafuu maiti. Nilipomgeuza ubavu nilishtuka alivyokuwa mwepesi. "Usinibwage," akasema, na tukacheka sote wawili, yeye chini pale na mimi juu yake, machozi yananidondokea mikononi.

Akanirejesha tena na tena mpaka nikapatia.

Alifariki kabla ya adhana ya alfajiri. Anas alikuwa keshafika kutoka Tibirinzi. Yeye na Mjaka wakachimba ufuo chumbani mwake, lile shimo la kupokea maji ya maiti, kisha wakaenda msikitini kutoa habari. Mimi sikungoja mtu. Nilifunga mlango nikaanza. Waosha huwa wawili watatu, mmoja akimimina, mwingine akigeuza. Mimi nilimimina kwa mkono mmoja na kumshika kwa mwingine, na maji mengi yalikwenda kando ya ufuo, yakaingia ukumbini. Nilikuwa nikimwambia, "Sikubwagi, mama."

Ya msikitini nilisimuliwa na Anas. Anasema baada ya sala Mjaka alisimama. Ilimchukua muda kutamka kwamba mama kafa. Watu wakasema inna lillahi kwa sauti ya chini, wakaanza kutafuta viatu. Mjaka akaenda akasimama mlangoni, akatandaza mikono mlango mzima.

"Mi-mi-miye," akasema. Mzee Mmanga akajaribu kummalizia: "Tushasikia, mwanangu, pole." Mjaka akatikisa kichwa. Jasho likamtoka, shingo ikamvimba. "Miye ndiye n-n-nlokuwamo ndani ya Ma-Masikio. Sikuona. Mama ka-kanishikia viatu tu."

Anas anasema hakuna aliyecheka wala aliyemsaidia neno. Walisimama pale na kofia zao mpaka akamaliza. Alisema yote: mwaliko, bomba, ngoma, radhi ya mama iliyowafunga midomo sisi watoto wake, na kwamba sasa keshakufa, na yeye yuko radhi wamsusie maisha. Mzee Mmanga akaketi chini.

Basi walikuja. Nilikuwa nakaza fundo la mwisho la sanda niliposikia sauti uani, nikafungua. Wanaume walijaa hadi njia panda, wakigombania kulishika jeneza. Wanawake wakaingia na majamvi, na mchele, na vilio. Alitangulia Bi Mgeni, mke wa Mzee Mmanga, kakunja mikono ya kanzu yake tayari kwa kazi.

"Yuko wapi tumwoshe?" akauliza.

"Keshaoshwa."

"Nani kamwosha?"

"Miye."

"Na nani?"

"Peke yangu."

Akajishika kifua. "Ruweida, tungelijua kama ni Mjaka… wallahi tungelijua..."

Hapo hasira ilinipanda, na sijuti. "Mlikuwa mnamjua yeye," nikamwambia. "Mama yako alioshwa na nani, Bi Mgeni? Mwanao wa kwanza aliyezaliwa maiti, ni nani aliyembeba mikononi akamwosha, akakuletea umwone? Masikio ndiye hamkumjua. Huyu alikuwa uso wazi."

Wanaume wakaingia wakamtwaa, La ilaha illallah ikapanda, jeneza likapita bega kwa bega mpaka sikuliona tena. Sisi wanawake tukabaki ukumbini, na sakafu yote maji. Yalinukia mkunazi na karafuu maiti. Kila mmoja alikuwa kayakwepa, buibui kalinyanyua kidogo, hajui pa kukanyaga.

Bi Mgeni akaona tambara, akapiga magoti, akaanza kuyafuta huku analia. Nikamfuata, nikamnyang'anya. Hakung'ang'ania. Nikapiga magoti palepale alipotoka yeye, nikayafuta mwenyewe, polepole, kuanzia upande wa kulia, na wao wote wamesimama wananitazama.